Kompyuta ikiamka vibaya: jua nani kabaki kalala kabla hujakimbilia kufomati

Kuna ugonjwa mmoja wa kompyuta za nyumbani ambao mafundi wengi dawa yao ni moja tu, kufomati. Asubuhi ukiiwasha iko poa kabisa, unafanya kazi zako, unaiacha kidogo ukale inajilalia, ukirudi ukagusa mausi ndo vituko vinaanza: kioo cheusi, au kioo kinawaka ila intaneti hakuna, au sauti imekata, au kibodi haiandiki, au inakwenda taratibu mpaka unachoka unaizima kwa kushikilia kitufe. Unaipeleka, unapigiwa Windows upya, unalipa, siku mbili tatu raha, afu lilelile linarudi maana Windows haikuwa na kosa.

Cha kuelewa kwanza ni kwamba kompyuta haiamki yote kwa mpigo. Ni kama bweni asubuhi, kengele imegongwa wengine washafika bombani ila kuna mmoja kajifunika shuka hataki kusikia. Prosesa inaamka, kadi ya picha inaamka kivyake, disk kivyake, waifai, blututhi, usb, kila kifaa kina draiva yake, yaani kaprogramu kanakokiendesha, ambayo inatakiwa kuambiwa amka na ijibu niko tayari. Mmoja asipojibu wewe unasema kompyuta mbovu. Kwahiyo kazi yako ni kumtafuta huyo mmoja, na ukishamjua mara nyingi dawa yake ni ya dakika tano. Naongelea zaidi Windows 10 na 11 maana ndo ziko kwenye nyumba nyingi, na majina ya kwenye menyu nayaandika vilevile yanavyoonekana kwenye skrini ili usihangaike kuyatafuta.

Kulala kwenyewe kuko kwa aina. Ya zamani inaitwa S3, prosesa inazimwa, disk inazimwa, feni zinanyamaza, kinachobaki na umeme ni RAM tu maana kazi zako zote ziko humo, na kwenye desktopu umeme huo unatoka kwenye laini ndogo ya volti 5 ambayo pawasaplai, lile boksi la umeme ndani ya mashine, inaitoa muda wote hata mashine ikionekana imezima. Ya pili ni haibaneti, hapo vilivyomo kwenye RAM vinaandikwa kwenye disk kwenye faili linaitwa hiberfil.sys afu mashine inazima kabisa, hata ukichomoa waya hupotezi kitu. Ya tatu ni ya laptopu za miaka ya karibuni inaitwa Modern Standby, hii kusema ukweli sio kulala ni kusinzia, kioo kimezima ila ndani mashine inaendelea na mambo yake, inaweza kushika waifai na kuvuta meseji kama simu inavyofanya mfukoni. Kujua yako ni ipi bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bofya kulia uchague Run as administrator, afu andika:

powercfg /a

Ukiona Standby (S3) basi una ile ya zamani, ukiona S0 Low Power Idle una ile ya kusinzia. Iandike pembeni maana matatizo yao hayafanani. Na kuna ushauri unazunguka sana wa kulazimisha mashine ya S0 ihamie S3 kwa kuchezea BIOS (programu ya ubao inayoanza kabla ya Windows) au rejista (hifadhi ya seting za ndani za Windows), mimi sikushauri, Microsoft wenyewe wanasema kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kupiga Windows upya hawakusapoti, na hata hapo ubao wenyewe, ule mkuu unaobeba vifaa vyote, uwe na hiyo S3.

Sasa mashine imeamka vibaya, iko mbele yako, usiizime kwanza. Ukiizima kwa nguvu unafuta ushahidi na unaweza kupoteza kazi ambayo bado ipo. Bonyeza Caps Lock uangalie kataa kake kwenye kibodi. Kama kanawaka na kuzima kila ukibonyeza, kompyuta iko hai, inakusikia, tatizo ni picha tu. Kama taa imeganda, ama kibodi yenyewe ndo imebaki kalala ama mashine nzima imekwama, hapo chomoa kibodi ya usb uichomeke tundu jingine ujaribu tena. Kwa laptopu isiyo na taa ya Caps Lock ongeza sauti uone kama inatoa mlio, au angalia kwenye simu yako kama laptopu bado imeunganishwa kwenye hotispoti.

Caps Lock inajibu ila kioo cheusi, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo inaiambia Windows iwashe upya draiva ya picha bila kugusa programu zako, utasikia kamlio kafupi, kioo kitapepesa, na mara nyingi picha inarudi na dokyumenti yako ikiwa palepale. Watu wachache sana wanaijua hii na ingewaokolea kazi nyingi mno. Ikirudi kwa njia hiyo ushampata mtuhumiwa, ni draiva ya kadi ya picha.

Isiporudi, kabla hujamlaumu kadi, angalia waya. Hapa kwetu nyumba nyingi zina desktopu za mtumba kutoka Ulaya, zile Dell OptiPlex na wenzake, nyuma zina tundu la DisplayPort, afu monita ni ya zamani ya VGA, katikati mtu kaweka kaadapta. Hako kaadapta sio waya mtupu, kana chipu ndani inayobadilisha picha ya dijitali kuwa ya analogi, na chipu ikinyimwa umeme wakati mashine imelala kuna siku inagoma kuamka nayo. Chomoa adapta upande wa kompyuta, hesabu mpaka kumi, rudisha. Picha ikirudi tafuta adapta nyingine, usihangaike na Windows. Jaribu pia kubonyeza kitufe cha input kwenye monita, kuna monita zikikosa picha zinahamia HDMI zenyewe na kubaki huko zinasubiri kitu ambacho hakipo.

Nyingine ni hii tabia ya kusema nishaizima nikaiwasha bado iko vilevile. Hapa pana mtego. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza Shut down Windows inafunga programu zako lakini moyo wa mfumo pamoja na draiva haiuzimi, inauhifadhi kwenye ile hiberfil.sys ili kesho iwake haraka. Maana yake draiva iliyochanganyikiwa jana leo inaamka na uchizi wake uleule. Ukitaka kuamini bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda Performance, bofya CPU, soma palipoandikwa Up time, mtu anazima kompyuta kila usiku ila anakuta pameandikwa siku 19. Restart ndo inayoanza upya kweli, au ushikilie Shift wakati unabonyeza Shut down.

Kuizima Fast Startup moja kwa moja ingia Control Panel, Power Options, Choose what the power buttons do, bofya Change settings that are currently unavailable, toa tiki kwenye Turn on fast startup, save. Kama kompyuta yako ina SSD, ile disk ya kisasa isiyozunguka, tofauti ya kuwaka ni sekunde chache wala hutaiona. Ila angalizo, kuna wanaokwambia njia ya mkato ni kuandika powercfg /h off, ni kweli inaiondoa ila inaondoa na haibaneti na ile hybrid sleep nitakayoisema mbele, ambazo kwa sehemu ambayo umeme hukatika ni vitu vya kushikilia. Wanasema pia unaokoa nafasi kwenye disk, sawa, kwa RAM ya 8GB unaokoa kama 3GB na ushee hivi. Kwangu haina thamani hiyo.

Intaneti kupotea baada ya kuamka. Hili linalalamikiwa sana na mara nyingi kompyuta haihusiki. Wengi nyumbani tunatumia hotispoti ya simu. Kompyuta ikilala inaachia waifai, simu inaona hakuna aliyeunganishwa, baada ya dakika chache inazima hotispoti yenyewe kuokoa betri, kompyuta ikiamka inatafuta mtandao ambao haupo. Afu mtu anafuta draiva ya waifai! Nenda kwenye seting za hotispoti kwenye simu, tafuta ile ya kuzima yenyewe ikikosa watu, iondoe, ila ukumbuke kuizima kwa mkono usije ukaamkia betri imekata. Bando nalo liangalie, inawezekana limeisha kompyuta ikiwa imelala, hasa hizi za S0 zinazovuta vitu usingizini. Ukitumia hotispoti ingia seting za waifai, bofya jina la mtandao wako, washa Metered connection, itapunguza sana apdeti za kuibia.

Kama una rauta na vifaa vingine vinapata ila kompyuta ndo haipati, washa Airplane mode uizime. Ikirudi, kadi ya waifai ndo ilikuwa imejifunika shuka. Dawa yake: bofya kulia kitufe cha Start, Device Manager, fungua Network adapters, bofya mara mbili kadi yako, nenda Power Management, toa tiki kwenye Allow the computer to turn off this device to save power. Hiyo tiki inampa Windows ruhusa ya kuikatia umeme kadi, na kadi nyingine zikishakatiwa hazirudi vizuri. Kwenye laptopu za S0 mara nyingi hiyo tabu ya Power Management haipo kabisa, usishangae, hapo njia ni draiva mpya tu kutoka kwa aliyetengeneza laptopu.

Na draiva sio ya kuokota popote. Zile programu zinazokwambia una draiva 27 zimepitwa na wakati, lipia tukurekebishie, ziache. Geuza laptopu chini, soma namba, Dell wanaiita Service Tag, HP na Lenovo ni Serial Number, ingia tovuti ya kampuni husika, andika hiyo namba, chukua draiva za modeli yako: chipset kwanza maana ndo inasimamia mambo ya umeme ya ubao mzima, afu picha, afu waifai. Kama tatizo lilianza ghafla baada ya apdeti basi fanya kinyume, Device Manager, kifaa husika, tabu ya Driver, Roll Back Driver. Kikiwa kimefifia hakibonyezeki maana yake hakuna ya zamani ya kurudia.

Mausi na kibodi za usb, modem za usb, spika za usb, hizi zinaumwa ugonjwa ule ule wa kukatiwa umeme. Humohumo Device Manager shuka mpaka Universal Serial Bus controllers, kila palipoandikwa USB Root Hub toa tiki ileile ya Power Management. Afu nenda Control Panel, Power Options, Change plan settings, Change advanced power settings, fungua USB settings, USB selective suspend uiweke Disabled. Kwenye dirisha hilohilo kuna PCI Express, Link State Power Management, iweke Off kama mashine yako ina tabia ya kuganda sekunde chache baada ya kuamka, hasa yenye SSD ya NVMe (ile nyembamba ya kuchomeka kwenye ubao) au kadi ya picha ya kuchomeka. Kwa laptopu utakula betri kidogo zaidi, kwa desktopu hutaona tofauti. Na modem ya usb usiichomeke kwenye ekstensheni ya usb yenye matundu manne ya bei rahisi, ichomeke kwenye kompyuta moja kwa moja, hizo modem zinataka umeme wa kutosha pale zinapoamka kutafuta mnara.

Sauti ikikata, kama ni spika za blututhi zizime uziwashe tu, yaliyobaki ni kelele. Kama ni za waya fungua ile cmd ya Administrator:

net stop audiosrv
net start audiosrv

Upau wa chini ukiganda, Ctrl, Shift na Esc, mtafute Windows Explorer kwenye orodha, bofya kulia, Restart.

Taratibu kupita kiasi baada ya kuamka. Fungua Task Manager (ileile ya Ctrl, Shift na Esc) uangalie safu ya Disk. Ikiwa 100% na una ile diski ya kuzunguka, ya zamani, kinachotokea ni kwamba mashine ilipoamka kila mwenye kiporo chake kakimbilia disk saa hiyohiyo, apdeti, antivairasi, utafutaji wa mafaili, na diski ya kuzunguka haina mikono mingi. Mpe dakika kadhaa uone kama inatulia. Isipotulia shusha programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo uone disk yako inaandikiwa Good au Caution. Ikiwa Caution acha kila kitu, hamisha picha za familia na dokyumenti zako leo, mengine baadaye. Ikiwa Good lakini ni ya kuzunguka, weka SSD ya SATA hata ya 240GB, hakuna seting yoyote niliyoitaja hapa itakayokupa raha kama hiyo.

Sasa tuje kwenye umeme, hapa nitakaa kidogo maana kwa desktopu za kwetu ndo penye mambo. Kompyuta ikiwa kwenye S3 imebeba kazi zako kwenye RAM, umeme ukikatika hata sekunde moja RAM inasahau yote. Ukirudi ukabonyeza, inawaka kuanzia mwanzo, logo ya kampuni, Windows inapakia, wewe unasema kompyuta ikilala inajirestati. Haijirestati, umeme ulikatika ukiwa jikoni hukujua. Au luku iliisha. Au mtu wa nyumbani kapita kazima swichi ya ukutani kuokoa yuniti, wakati mashine iliyolala inakula wati chache tu.

Ushahidi upo. Bonyeza Windows na R, andika eventvwr, itafunguka Event Viewer, fungua Windows Logs, System. Tafuta iliyoandikwa Kernel-Power namba 42, hiyo ni pale mashine ilipoingia kulala. Ikifuatiwa na Power-Troubleshooter namba 1 iliamka salama, na ndani yake kuna saa iliyolala, saa iliyoamka, na nani kaiamsha. Ila ikifuatiwa na Kernel-Power namba 41 yenye alama nyekundu, maana yake mashine ilizimika bila kuaga. Hiyo 41 watu wanaiona wanaogopa wanadhani ni virusi, yenyewe inasema tu kwamba safari iliyopita haikuzimwa kistaarabu, haisemi kwa nini. Linganisha saa yake na saa umeme ulipokata mtaani.

Kama umeme ndo tatizo washa hybrid sleep: kwenye zilezile advanced power settings, fungua Sleep, Allow hybrid sleep, On. Hapo mashine ikilala inaandika nakala ya RAM kwenye disk pia, umeme usipokatika inaamka haraka kama kawaida, ukikatika inaisoma ile nakala kwenye disk na kazi yako inarudi. Isipoonekana kwenye orodha basi ama haibaneti imezimwa, irudishe kwa powercfg /h on, ama mashine ni ya S0 na haiungi mkono hiyo. Laptopu yenye betri nzima hii haikuhusu, ila laptopu ya mtumba ambayo betri imekufa na inaishi kwenye chaja hiyo ihesabu kama desktopu. Kuijua hali ya betri andika powercfg /batteryreport, itakutajia faili ilikoliweka, fungua ulinganishe Design Capacity na Full Charge Capacity. Ukikuta ya pili iko robo ya ya kwanza usishangae ikizima dakika chache baada ya kuilaza.

Na kuna ile ambayo umeme upo, hakuna aliyezima swichi, ila ukibonyeza iamke feni inazunguka mara moja inakata, au inawaka feni zote kioo cheusi na Caps Lock imekufa. Hapa shuku pawasaplai. Ile laini ya volti 5 niliyoitaja ikichoka, kapasita zake (vile vipipa vidogo vya kutunza umeme) zikivimba, mashine inaweza kuwaka vizuri ukiiwasha ikiwa imezimwa kabisa lakini ikashindwa kuamka kutoka usingizini. Jaribio rahisi ni kuiwashia haibaneti badala ya Sleep kwa wiki nzima, kama matatizo yote yanatoweka basi draiva nyingi zimesalimika na kidole kinaelekea kwenye pawasaplai au RAM. Pawasaplai usiifungue mwenyewe hata kama unajua kushika bisibisi, ndani kuna kapasita inayobaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa waya. Inabadilishwa nzima. Na kabla hujanunua angalia konekta, hizi OptiPlex kama 3020, 7020 na 9020 zina plagi yake ya pini 8 kwenye ubao, pawasaplai ya kawaida ya pini 24 haiingii bila adapta yake.

RAM nayo ipime: Windows na R, andika mdsched, ikubali irestati, iache imalize. Mafundi wana ile ya kusugua meno ya RAM na raba ya penseli, na inafanya kazi kweli, hasa kwa nyumba za pwani ambako unyevu na chumvi vinashika kwenye vyuma, ila chomoa waya wa umeme kwanza, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 15 hivi umeme uliobaki uishe, ndo uguse kitu. Kama kuna mtu alikuwashia XMP kwenye BIOS ili RAM ikimbie zaidi, izime ujaribu, kuna bodi zikiamka zinashindwa kuipanga RAM upya kwenye spidi hiyo.

Saa kurudi nyuma kila ukiwasha na tovuti zote kukwambia cheti cha usalama si sahihi, hiyo ni betri ya duara ya kwenye ubao, CR2032 ya volti 3, inauzwa hata kwenye maduka ya saa. Badilisha, weka saa sawa, maisha yanaendelea.

Upande wa pili wa tatizo ni mashine inayoamka yenyewe usiku wa manane inamulika chumba kizima. Muulize aliyeamsha:

powercfg /lastwake
powercfg /devicequery wake_armed
powercfg /waketimers

Ya kwanza inataja wa mwisho kuamsha, ya pili wote wenye ruhusa ya kuamsha, ya tatu kama kuna ratiba iliyotegwa, mara nyingi apdeti. Ukikuta mausi basi meza ikitikiswa na feni ya kichwani au mlango ukibamizwa inatosha. Device Manager, Mice, Power Management, toa tiki kwenye Allow this device to wake the computer. Kibodi iachie, utaamshia nini sasa. Kadi ya mtandao wa waya nayo itoe tiki, nyumbani hauihitaji. Ratiba unaizima kwenye advanced settings, Sleep, Allow wake timers. Isipolala kabisa, powercfg /requests itakutajia programu inayoizuia, mara nyingi ni kivinjari chenye video au faili la prinda lililokwama.

Laptopu za S0 zina balaa lao: unaifunga, unaitia kwenye begi, unafika kazini begi lina joto na betri iko 20%. Nenda Control Panel, Power Options, Choose what closing the lid does, kwenye On battery chagua Hibernate. Mwisho wa habari. Itachukua sekunde zaidi kuamka lakini itafika ya baridi. Kama Hibernate haipo kwenye orodha, ni ile powercfg /h on.

BIOS kuiapdeti inasaidia kweli matatizo ya kuamka, watengenezaji wanarekebisha hayo mambo kwenye matoleo mapya, ila umeme ukikatika katikati ya zoezi unaweza kubaki na ubao mfu. Laptopu iwe na betri yenye chaji na chaja iko ukutani, desktopu iwe kwenye UPS inayokaa hata dakika kumi, vinginevyo acha. Humo kwenye BIOS, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad nyingi, usipekue kila kitu, kwa Dell ya desktopu angalia Deep Sleep Control na USB Wake Support, maana ya kwanza ikiwashwa kwa ukali inakata umeme wa usb na kibodi haiwezi kuamsha mashine iliyo kwenye haibaneti, utabonyeza mpaka vidole viume kumbe inasubiri kitufe cha mbele.

Usibadilishe mambo matano kwa mpigo. Badilisha moja, ilaze kwa kubonyeza Sleep mwenyewe, subiri, iamshe, rudia mara kadhaa, afu iache ilale muda mrefu pia maana kuna zinazoamka poa baada ya dakika mbili ila baada ya masaa matatu hazitaki. Kama hujui tatizo lilianza lini, Windows na R, andika perfmon /rel, itakuchorea siku kwa siku, alama nyekundu zilipoanza na apdeti au programu gani iliingia siku hiyo. Hiyo kurasa inamaliza ubishi mwingi wa nani kagusa kompyuta.

Na kwa walio bado na Windows 10, sapoti yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwahiyo usikae unasubiri apdeti ya kawaida ije ikuponyeshe usingizi.

Ikifika hatua ya fundi nenda na maelezo. Mwambie ni S3 au S0, Caps Lock inajibu au haijibu, picha inarudi kwa Windows Ctrl Shift B au hairudi, kwenye haibaneti inafanya au haifanyi, na mpigie picha ile ya Event Viewer. Akikujibu papo hapo kwamba ni ya kufomati bila kuiwasha, chukua mashine yako ujaribu banda la pili.